Louis Braille: Kipofu Aliyewafungulia Vipofu Kitabu



Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa nimesimama mlangoni nikisalimiana na waumini, kama ilivyo desturi yetu. Akaja mzee mmoja wa kanisa letu asiyeona, akiongozwa na mjukuu wake. Nilimshika mkono, nikamjulisha kwamba wamama wa diakonia wamemwandika kwenye orodha ya watakaopata unga na mafuta mwezi ule. Alishukuru. Kisha akaniuliza kwa upole kwa nini, kwa miaka yote aliyoabudu pamoja nasi, jina lake halijawahi kuandikwa kwenye orodha nyingine: wala ya wasomaji wa Neno, wala ya walimu wa Ekodim, wala ya kamati yoyote, wala ya watu tunaowatafutia kazi. Nilikosa la kujibu. Nilimwombea, naye akashuka polepole na mjukuu wake kuelekea Kadutu.

Nilirudi nyumbani na swali lile. Nimesoma theolojia, na nimehubiri juu ya Bartimayo mara nyingi. Lakini siku ile niliona kwamba nimekuwa nikimhubiri Bartimayo kama mtu wa kuhurumiwa tu. Nilikuwa nimesahau kwamba kabla ya kumponya, Yesu alisimama akamuuliza anataka afanyiwe nini.

Ndiyo maana leo nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake mnalijua, maana linatajwa kila mahali panapozungumzwa habari za vipofu kusoma. Ni Louis Braille. Jina tunalijua, lakini maisha yake wengi hatuyajui, na ndani ya maisha hayo kuna jambo ambalo makanisa yetu ya mashariki yanapaswa kulisikia.

Karakana ya baba

Louis alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, yapata kilometa 40 mashariki mwa Paris, nchini Ufaransa. Baba yake, Simon-René Braille, alikuwa fundi wa ngozi. Alishona matandiko ya farasi na hatamu, na wakulima wa eneo lile walimjua kwa kazi yake nzuri. Mama yake aliitwa Monique Baron. Walikuwa na watoto wanne, na Louis ndiye aliyekuwa kitinda mimba.

Mwaka 1812, Louis akiwa na umri wa miaka mitatu, aliingia katika karakana ya baba yake akaanza kucheza na vyombo. Alishika msharasi, ile sindano nene yenye mpini ambayo mafundi wa viatu hutobolea ngozi. Alijaribu kutoboa kipande cha ngozi kama alivyomwona baba yake akifanya. Chombo kikateleza kikamchoma jicho. Wazazi walifanya waliloweza, lakini dawa za wakati ule hazikuweza kuzuia kidonda kuoza. Ugonjwa ulihamia jicho la pili. Alipofika umri wa miaka mitano, Louis hakuona tena kitu chochote.

Tusipite haraka hapa. Wazazi wengi miongoni mwetu wanabeba lawama ya namna hii. Mtoto alianguka moto, au alicheleweshwa hospitali kwa kukosa franka, au alikosa chanjo ya polio kwa sababu njia ilifungwa na vita. Simon-René aliishi na msharasi ule mezani pake kila siku, maana ndio uliolisha nyumba yake. Angeweza kuzama katika majuto. Angeweza pia kumficha mtoto chumbani ili wageni wasimwone, jambo ambalo tunajua linafanyika hata leo katika kartie zetu.

Tena wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Mwaka 1814 Napoleon alishindwa, na majeshi ya kigeni yakaingia mpaka vijijini. Watu wa Coupvray walilazimishwa kuwapa askari malazi na chakula ndani ya nyumba zao. Mtoto kipofu alijifunza kutembea katika nyumba iliyojaa sauti za watu asiowafahamu, wenye lugha asiyoielewa. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kijiji kilichokataa kumweka pembeni

Katika siku zile mtoto kipofu wa mtu wa kawaida alikuwa na njia moja mbele yake: kuombaomba. Wengi walikaa kwenye milango ya makanisa na kwenye masoko mpaka kufa. Kwa Louis haikuwa hivyo, na sababu yake ni watu wachache ambao kila mmoja alifanya lile lililokuwa mkononi mwake.

Baba yake alimchongea fimbo, akamfundisha kupapasa njia mbele yake. Kadiri mtoto alivyokua, alimchongea nyingine ndefu zaidi. Kisha alichukua ubao akaupigilia misumari kwa umbo la herufi, ili mtoto azisome kwa vidole. Hakuwa mwalimu. Alikuwa fundi, akatumia nyundo na misumari aliyokuwa nayo.

Mwaka 1815 alifika kijijini padri mpya, Jacques Palluy. Alimwona mtoto huyu, akamwita nyumbani kwake akamfundisha habari za Biblia, na kumtambulisha miti, maua na sauti za ndege. Palluy hakuishia hapo. Alikwenda kwa mwalimu wa shule ya kijiji, Antoine Bécheret, akamwomba ampokee. Mwalimu hakuwa na mafunzo yoyote ya kufundisha mtoto asiyeona, lakini alikubali. Mtoto wa jirani akawa anamshika Louis mkono asubuhi wanakwenda shule pamoja. Kule darasani Louis alisikiliza, akashika yote kichwani, akawapita wengi waliokuwa na macho.

Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa mikono mitupu. Padri akaona kwamba kijiji kimefika mwisho wa uwezo wake. Akaenda kwa tajiri mwenye ardhi wa eneo lile, Bwana d'Orvilliers, ambaye aliwahi kusikia habari za shule ya vipofu kule Paris, akamwomba aandike barua. Barua ziliandikwa, na Louis akapata nafasi ya kusoma bila wazazi kulipa. Tarehe 15 Februari 1819, akiwa na umri wa miaka kumi, alipanda gari la farasi pamoja na baba yake kwenda Paris.

Hesabuni watu hao: fundi wa ngozi, padri, mwalimu, mtoto wa jirani na tajiri mmoja. Hakukuwa na mradi mkubwa wala gari la shirika. Injili ya Marko inasimulia habari za watu wanne waliombeba mwenye kupooza mpaka darini. Kila mmoja alishika pembe yake ya godoro. Kama mmoja angeachilia, mgonjwa angeanguka.

Shule iliyoanzia mlangoni mwa kanisa

Shule aliyokwenda Louis ilianzishwa na Valentin Haüy. Mwaka 1771 Haüy aliona katika sherehe ya mtaani Paris kundi la vipofu waliovalishwa kofia za kuchekesha na miwani isiyo na kazi, wakipiga vyombo vya muziki huku watu wakiwacheka. Jambo lile lilimchoma moyo. Miaka kadhaa baadaye alikutana na kijana kipofu, François Lesueur, aliyekuwa akiomba sadaka kwenye mlango wa kanisa. Kijana huyo alikuwa akisaidia familia yake kwa zile sarafu alizopewa. Haüy hakumwambia tu aje kusoma. Alielewa kwamba akiacha kuomba, nyumba yake italala njaa. Kwa hiyo alikubali kumlipa kiasi alichokuwa akikipata kwa kuomba, ndipo akaanza kumfundisha. Hivyo ndivyo shule ya kwanza ya vipofu ilivyoanza, kati ya mwaka 1784 na 1785.

Wapendwa, hapo kuna hekima ya kazi ya diakonia. Mtu maskini hawezi kujifunza ufundi akiwa na njaa. Mara ngapi tumeanzisha mafunzo ya kushona au ya kutengeneza sabuni, kisha tukalalamika kwamba walemavu hawaji, bila kuuliza watakula nini siku wanazojifunza?

Louis alipofika, jengo la shule lilikuwa la zamani, lenye unyevu na giza, nalo liliwahi kutumika kama gereza wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Vyumba vilikuwa baridi na nidhamu ilikuwa kali. Huenda ni humo alimopata ugonjwa wa kifua uliomuua baadaye. Lakini palikuwa na muziki, palikuwa na karakana za kusuka na kutengeneza viatu vya ndani, na palikuwa na vitabu.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache na vizito sana. Haüy alikuwa amebuni njia ya kukandamiza herufi kubwa kwenye karatasi nene ili ziinuke. Mwanafunzi alipapasa herufi moja moja, akitafuta umbo lake, na alipofika mwisho wa sentensi mara nyingi alikuwa amesahau mwanzo. Tena njia ile haikumwezesha kipofu kuandika. Aliweza kupokea maneno ya wengine, lakini hakuweza kuweka ya kwake kwenye karatasi.

Nukta sita

Mwaka 1821 mtu aitwaye Charles Barbier, aliyewahi kuwa afisa wa jeshi, alileta shuleni njia mpya. Badala ya herufi alitumia nukta zilizoinuliwa, mpaka kumi na mbili kwa alama moja. Wanafunzi waliigusa wakafurahi, kwa sababu kidole hutambua nukta haraka kuliko mstari. Lakini njia ya Barbier iliandika sauti tu. Haikuwa na tahajia, haikuwa na alama za vituo, na alama moja ilikuwa ndefu kuliko ncha ya kidole.

Louis alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Alianza kuifanyia kazi njia ile usiku wenzake walipolala, na wakati wa likizo kule Coupvray. Alitoboa karatasi, akapapasa, akafuta, akaanza tena. Kufikia mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano tu, kazi ilikuwa imekamilika kwa sehemu kubwa.

Alipunguza nukta zikawa sita, katika safu mbili za nukta tatu tatu, ili alama nzima ienee chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja. Nukta sita zinatoa alama 63 tofauti. Mpango wake ni rahisi kushika. Herufi kumi za kwanza, kuanzia a mpaka j, zinatumia nukta nne za juu peke yake. Herufi kumi zinazofuata ni zilezile, zikiongezewa nukta moja ya chini upande wa kushoto. Zinazofuata hizo zinaongezewa nukta zote mbili za chini. Kwa alama hizohizo aliweza kuandika tarakimu, na hata noti za muziki.

Kuandika kulihitaji ubao mdogo wenye matundu na kalamu ya chuma yenye ncha. Unaandika ukitoka kulia kwenda kushoto, kisha unageuza karatasi na kusoma upande ulioinuka. Kalamu ile inafanana sana na msharasi wa fundi ngozi. Chombo cha namna ileile kilichomtia gizani akiwa na miaka mitatu, alikishika tena akiwa na miaka kumi na mitano, akatoboa nacho njia ya kutoka. Mungu wetu anafahamu kufanya mambo ya namna hiyo.

Mwaka 1829 alitoa kitabu kinachoeleza njia yake, na mwaka 1837 akakitoa tena kikiwa kimesahihishwa. Ndani ya kitabu kile alimshukuru Barbier, akikiri kwamba wazo la kwanza lilikuwa la mwenziwe. Mwaka huohuo 1837 shule ilitengeneza kitabu cha historia ya Ufaransa kwa nukta hizo, na kipofu aliweza kukisoma bila mtu wa kumshika mkono.

Mshahara, ogani na sanduku dogo

Louis hakuishi kwa sadaka. Mwaka 1828 alianza kufundisha katika shule ileile, na mwaka 1833 akawa mwalimu kamili. Alifundisha sarufi, historia, jiografia, hesabu na muziki. Alipiga piano na ogani, na kuanzia mwaka 1834 alikuwa mpiga ogani katika kanisa la Saint-Nicolas-des-Champs mjini Paris. Waliokaa katika mabenchi waliimba kwa vidole vya mtu asiyeona, naye alilipwa kwa kazi hiyo kama fundi mwingine yeyote.

Katika shule ileile alikuwapo kipofu mwingine, Claude Montal. Yeye alijifundisha kutengeneza piano na kurekebisha sauti zake. Wakubwa wa shule walimpinga mwanzoni, wakidhani kipofu ataharibu vyombo. Yeye na mwenzake wakafungua piano moja, wakaitenganisha vipande vipande, wakairudishia. Baadaye Montal alifungua kazi yake mjini Paris akawa fundi mwenye jina. Baada yake, kazi hiyo ikawa riziki ya vipofu wengi Ulaya kwa zaidi ya miaka mia moja. Angalieni vizuri: kilichowazuia vipofu hao kufanya kazi kilikuwa mashaka ya wenye macho.

Louis aliona pia shida nyingine. Nukta zake ziliwawezesha vipofu kuandikiana, lakini mama yake kule Coupvray hakuweza kuzisoma. Kwa hiyo mwaka 1839 alitoa njia ya kuchora herufi za kawaida kwa nukta nyingi ndogo, ili kipofu amwandikie barua mtu mwenye macho. Rafiki yake Pierre Foucault, naye kipofu, alibuni mashine ya kuifanya kazi hiyo kwa haraka. Kipofu akaweza kuandika barua yake ya siri bila kumwajiri mtu wa kuiandika.

Tangu mwaka 1835 hivi, Louis alikuwa anaugua kifua kikuu. Alilazimika mara nyingi kupumzika nyumbani kwa mama yake. Hakuoa. Mshahara wake mdogo aliutumia pia kwa wengine: aliwakopesha wanafunzi na marafiki waliokuwa na shida. Baada ya kifo chake lilikutwa sanduku dogo lenye agizo kwamba lichomwe bila kufunguliwa. Walilifungua. Ndani yake kulikuwa na hati za madeni ya watu aliowakopesha. Aliwasamehe wote, tena hakutaka hata majina yao yajulikane.

Miaka ya kukatazwa

Sasa tunafika mahali panapoumiza. Mkurugenzi aliyempenda Louis na kuiruhusu kazi yake, Alexandre-René Pignier, aliondolewa mwaka 1840. Aliyemfuata, Pierre-Armand Dufau, hakuzitaka nukta. Hoja yake ilikuwa kwamba vipofu wasome herufi zilezile za wenye macho, wasije wakajitenga na jamii. Ni hoja inayosikika vizuri masikioni. Lakini yeye aliyeisema alisoma kwa macho, na hakuwauliza wale waliosoma kwa vidole.

Vitabu vilivyotengenezwa kwa miaka mingi vilichomwa moto. Wanafunzi walikatazwa kuandika kwa nukta. Louis aliyaona hayo akiwa mgonjwa, ndani ya nyumba ambamo alitoa ujana wake wote.

Lakini wanafunzi hawakuacha. Waliandika usiku kwa kitu chochote chenye ncha walichokipata. Wakubwa waliwafundisha wadogo. Waliandikiana ujumbe na kuweka kumbukumbu za masomo yao. Mtu aliyeonja kusoma mwenyewe hawezi tena kuridhika na kusomewa.

Msaidizi wa Dufau, Joseph Guadet, aliyaona hayo, akawa mtu wa kusema ukweli mbele ya mkubwa wake. Alimweleza kwamba njia hii haitakufa, na kwamba ni heri shule iikubali. Dufau akabadilika. Tarehe 22 Februari 1844, shule ilipozindua jengo lake jipya, nukta za Louis Braille zilionyeshwa hadharani. Mtoto mmoja aliandika maneno aliyosomewa, na mwingine ambaye hakuwa amesikia lolote akayasoma kwa vidole mbele ya wageni wote. Guadet alikwisha andika kijitabu cha kuisifu njia hiyo na kumtaja aliyeibuni.

Tumpe Dufau haki yake: alikosea vibaya, lakini alikubali kurekebishwa. Viongozi wa makanisa, mimi nikiwa mmoja wao, tujiulize kama nasi tunaweza.

Mwisho wake, na yaliyofuata

Mwezi Desemba 1851 Louis alianza kutoka damu nyingi kifuani. Alijua safari yake imekaribia mwisho, akajiandaa kwa amani kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa. Alifariki tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Magazeti makubwa ya Paris hayakuandika chochote. Alizikwa Coupvray pamoja na jamaa zake.

Mwaka 1854 Ufaransa iliyakubali rasmi maandishi yake. Mwaka 1878 mkutano wa kimataifa uliofanyika Paris uliyachagua kwa ajili ya nchi nyingi. Mwaka 1952, miaka mia moja baada ya kifo chake, mwili wake ulihamishiwa Panthéon mjini Paris, mahali Ufaransa inapowazika watu wake wakuu. Watu wa Coupvray waliomba wabaki na mikono yake, nayo imewekwa kaburini pake kijijini. Tangu mwaka 2019, tarehe 4 Januari ni siku ya braille ulimwenguni iliyowekwa na Umoja wa Mataifa.

Katika ukanda wetu makanisa yalishiriki kuzileta nukta hizo. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu Thika, Kenya, mwaka 1946. Waanglikana walianzisha ile ya Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Ndugu zetu wa Tanzania wanayaita maandishi hayo nukta nundu, na Kiswahili chetu kinasomeka vizuri kwayo.

Na sisi je?

Hapa Bukavu hatuanzi kwenye utupu. Kituo cha Heri Kwetu kimewahudumia kwa miaka mingi wenye ulemavu wa viungo na viziwi. Nchi yetu iliridhia mwaka 2015 mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ikapata sheria yake yenyewe ya kulinda na kukuza haki hizo. Lakini sheria haimchongei mtu fimbo. Nyakati hizi za shida, ambapo hata wenye miguu na macho hawapati kazi, ni rahisi kwa kanisa kusema kwamba walemavu wasubiri. Ndivyo wanavyoambiwa siku zote.

Ninayaomba makanisa yetu mambo matatu, ambayo hayahitaji mfadhili kutoka mbali.

La kwanza, tuwaulize. Wazee wa kanisa wapite nyumba kwa nyumba, waandike si mahitaji ya mtu tu, bali pia anachojua kufanya na anachotaka kujifunza. Wengine waliofichwa vyumbani wataonekana kwa mara ya kwanza.

La pili, mafundi wetu wafungue karakana zao. Katika kila kanisa kuna mshonaji, seremala, fundi viatu, mama anayetengeneza sabuni. Kila mmoja achukue mwanafunzi mmoja mwenye ulemavu, na diakonia ihakikishe kwamba mwanafunzi huyo anakula siku za kujifunza, kama Haüy alivyofanya kwa Lesueur. Akimaliza, aingizwe katika likelemba au kikundi cha akiba kama mwanachama mwenye sauti, ili apate mtaji wa kuanza.

La tatu, tuwape kazi ndani ya nyumba ya Bwana. Kama mtu kipofu aliweza kuongoza kanisa la Paris katika kuimba, wa kwetu anaweza kuongoza kwaya, kuomba, kufundisha, na kukaa katika kamati inayogawa fedha.

Kuhusu yule mzee wetu, nilimtembelea wiki iliyofuata. Safari hii nilimuuliza anataka nini. Alitaka vitu viwili. Anajua zaburi nyingi kwa moyo, akataka kuwafundisha watoto wa Ekodim. Hilo limeanza, na watoto wanampenda. Cha pili alikisema kwa aibu kidogo: mjukuu wake alikuwa anakosa shule siku nyingi kwa sababu ya kumwongoza njiani. Seremala wa kanisa letu alimchongea fimbo ndefu na nyepesi, akaipaka rangi nyeupe. Hakudai malipo. Sasa mzee anapanda mwenyewe kuja ibada, polepole, akipapasa ukingo wa barabara, na mtoto yuko darasani asubuhi.

Fimbo moja imewafungua watu wawili. Kumbe ilihitajika mbao kidogo na mtu wa kuuliza. Bwana atusamehe kwa miaka tuliyokawia, na atupe macho ya kuwaona wale tunaowasalimia mlangoni kila Jumapili. Amina.